OBS Studio: programu ya bure inayonibakiza hewani Dodoma, mtandao ukisuasua na upepo ukivuma

Kwa anayerusha shughuli za watu mubashara kutoka kwenye laptopu, OBS Studio ndiyo programu ya kwanza kuweka, na kwa wengi wetu hakuna sababu ya kutafuta nyingine. Haiuzwi, haina siku za majaribio zinazokwisha, haichapi nembo yake juu ya picha yako. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeishi kwa kazi hiyo: send-off, ndoa, matamasha ya kwaya na, kuliko vyote, misiba, hapa Dodoma mjini na kwenye wilaya za jirani, Chamwino, Bahi, Kongwa, mara chache Mpwapwa.

Misiba ndiyo inayonifanya niwe mkali. Harusi ikiganda dakika mbili, watu wataandika "jamani picha" kwenye maoni, itarudi, na maisha yataendelea. Lakini kuna binti yuko Ujerumani, nauli imeshindikana, anamzika baba yake kupitia simu akiwa peke yake chumbani. Picha ikianza kupiga chenga jeneza linaposhushwa, dakika zile hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo ninaipima OBS kwa jambo moja kabla ya mengine yote: inanisaidiaje kubaki hewani, na nikianza kuyumba inaniambia nini?

Programu yenyewe kwa ufupi. Ilianzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey, ni ya chanzo huria, inaendeshwa kwa michango na wafadhili, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ipakue obsproject.com, si kwingine. Nakala zinazopitishwa kwenye flashi huwezi kujua zimebeba nini. Unaingiza kamera, maiki, picha za mnato na maandishi, unavipanga kwenye kurasa zinazoitwa sini, halafu inavisukuma YouTube, Facebook au popote panapokupa ufunguo wa kurushia, yaani namba ya siri inayoiunganisha OBS na akaunti yako. Hayo utayapata pia kwenye programu za kulipia. Ninachoipendea kiko kwenye kidirisha kidogo ambacho mafundi wengi hawajawahi hata kukifungua.

Ni kidirisha cha takwimu. Nakiacha wazi pembeni ya skrini muda wote wa shughuli. Ndani yake kuna mistari mitatu ambayo ukiielewa, nusu ya hofu inaisha. Wa kwanza unahesabu fremu, yaani picha mojamoja zinazofuatana kuunda video, zilizochelewa kuchorwa: hapo kadi ya picha ya laptopu imezidiwa. Wa pili unahesabu fremu zilizorukwa wakati wa kubana video, yaani kuipunguza uzito ili ipite mtandaoni: hapo prosesa haiwahi. Wa tatu ni fremu zilizodondoka: laptopu imemaliza kazi yake vizuri, ila mtandao haubebi. Kwa mtazamaji zote tatu ni kitu kimoja, picha inakwamakwama. Kwa fundi ni magonjwa matatu yenye dawa tofauti, na anayetibu bila kupima atapunguza ubora wa picha wakati tatizo ni kivinjari chenye kurasa kibao alichokisahau wazi.

Nitoe mfano wa mazishi kijijini, mbele ya Mvumi. Asubuhi, kabla watu hawajajaa, nilipima kasi ya kupandisha nikapata zaidi ya Mbps 6, yaani megabiti 6 kwa sekunde. Ile ya kushusha siiangalii, kwa kuwa mrushaji anapandisha, na kuna sehemu unakuta kushusha ni Mbps 30 na kupandisha haifiki 2. Nikaweka video ya 720p (ubora wa kati), fremu 30 kwa sekunde, kbps 2,500, ambazo ni Mbps 2.5, yaani chini ya nusu ya nilichopima. Hiyo ndiyo kanuni yangu: usitumie zaidi ya nusu ya kasi ya kupandisha. Nusu inayobaki ni akiba ya saa ambayo waombolezaji wamefika na kila mmoja ana simu mkononi anatuma picha kwenye kundi la familia, wote kwa mnara uleule.

Saa 7 mchana ikawa hivyo. Kwenye maoni mjomba wa marehemu akaandika, "Mwanangu, tunaona nusunusu." Nikatazama kidirisha: mstari wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, wa tatu unapanda, asilimia 4, asilimia 6. Basi laptopu sikuigusa. Nilimwomba kijana mmoja apandishe ruta juu ya paa la gari, kutoka chini ya turubai ilipokuwa. Namba ikapunguza kasi lakini haikusimama. Ndipo nikahamia laini ya pili, ya mtandao mwingine. Matangazo yakakatika kwa muda mfupi, OBS ikajiunganisha yenyewe, na waliokuwa wanatazama wakabaki kwenye linki ileile. Mchungaji alikuwa bado anasoma wasifu.

Linki haikubadilika kwa sababu ya mpangilio mmoja ulioko YouTube, na nausisitiza kwa kila kijana ninayemfundisha. Unapoandaa matangazo kuna kitufe cha kujizima yenyewe pale mawimbi yanapokatika. Kizime. Kikiwa kimewashwa, mtandao ukipotea YouTube inaweza kudhani umemaliza, ikafunga matangazo, nawe ukaanza kusambaza linki mpya kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima huku mazishi yanaendelea. Kikiwa kimezimwa, unamaliza wewe mwenyewe kwa mkono.

Siku hizi naongeza kinga nyingine iliyomo humohumo OBS, kwenye mipangilio ya ndani, sehemu ya mtandao: kubadilisha kasi ya kutuma kulingana na msongamano. Mtandao ukibana, programu inateremsha kbps badala ya kudondosha fremu. Ukifunguka, inapanda tena. Picha inafifia kidogo lakini inaendelea kutembea, na sauti inabaki. Kwa mazishi na ibada, sauti isiyokatika ina thamani kuliko sura inayong'aa. Ukiiwasha, usiangalie tena asilimia ya fremu zilizodondoka peke yake, angalia pia namba ya kbps, maana msongamano utajionyesha hapo.

Watu wa bando nao wapige hesabu mapema. Kbps 2,500 za picha na 128 za sauti zinakula takriban GB 1.2 kwa saa. Send-off ya ukumbini inayoanza saa 12 jioni, tena ya kikwetu inayoanza kwa kuchelewa, ikafika saa 6 usiku, hiyo ni zaidi ya GB 7. Nunua bando la kutosha kwa laini zote mbili na umwandikie mteja gharama hiyo peke yake kwenye ankara. Mteja mwenye kuelewa hatabisha.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Laptopu ina betri yake. Kinachosahaulika ni ruta. Ruta nyingi za nyumbani zinataka volti 12 wakati pawabenki ya kawaida inatoa 5, kwa hiyo tafuta waya wa kupandisha volti kutoka USB kwenda 12. Soma volti nyuma ya ruta kabla hujachomeka. Umeme wa ukumbi ukikatika, MC atabaki bila spika, lakini wewe utakuwa bado hewani.

Sauti ndiko ninakotaka kukaa zaidi, maana Dodoma ina adui wake: upepo. Anayetoka Dar anadhani upepo ni ule wa pwani. Huku kwetu kwenye miezi ya kipupwe unavuma mchana kutwa na kubeba vumbi, na maiki isiyovalishwa manyoya inaunguruma mpaka huwezi kusikia jina la marehemu. Cha kwanza ni manyoya yenyewe, hakuna programu inayoyashinda. Baada ya hapo OBS ina vichujio vinavyosaidia kweli: kimoja cha kupunguza kelele, ambacho kwa mngurumo wa jenereta au feni kinafanya kazi nzuri, na kisawazishi cha bendi tatu ambacho nakitumia kushusha besi ya upepo. Halafu naweka kikomo cha sauti, ili mama akipiga vigelegele karibu na maiki isipasuke.

Ila kichujio cha kelele kizime kwaya inapoanza kuimba, na hasa ngoma zinapoingia. Kimetengenezwa kutafuta sauti ya mtu anayeongea, na kila kisichofanana na hiyo kinakiona ni uchafu. Kwenye shughuli za Wagogo akina mama wanapopiga muheme, zile ngoma wanazozibana katikati ya magoti, kichujio kinazila mpaka zinasikika kama mtu anagonga kopo. Kwa nyimbo nina sini yake, yenye sauti isiyochujwa, na mkono wangu unakuwa tayari juu ya kitufe tangu wanapoanza kujipanga.

Kuna pia suala la midomo kutofuatana na sauti. Ukichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa na picha kupitia kapcha kadi, kile kifaa kinachoingiza picha ya kamera kwenye laptopu, sauti inatangulia, kwa kuwa kadi inachelewesha picha kidogo. Kwa kapcha kadi za bei nafuu za USB ucheleweshaji huo unaonekana kwa macho. Dawa iko kwenye mipangilio ya juu ya sauti ndani ya OBS, ambapo kila chanzo kina sehemu ya kuchelewesha kwa milisekunde. Simamisha mtu mbele ya kamera apige kofi, rekodi sekunde chache, tazama viganja vinapokutana na sikiliza mlio uko wapi. Ongeza milisekunde kidogokidogo mpaka vikutane. Ukishapata namba ya kadi yako, iandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye laptopu.

Sasa upande wa kumfanya mtazamaji abaki. OBS haitakuletea watazamaji, lakini inakupa nafasi ya kuwaheshimu. Nakuwa na sini ya kusubiria yenye picha ya maharusi au ya marehemu, jina kamili, na saa ya kuanza, pamoja na wimbo wa kwaya ambayo imeniruhusu kuutumia. Aliyefungua linki mapema akiona hiyo anajua kafika mahali sahihi. Akikuta skrini nyeusi anaondoka na anaweza asirudi. Wakati wa shughuli, sikai kwenye picha moja ya mbali iliyofungwa juu ya stendi saa nzima. Kamera ya pili, hata ikiwa simu ya zamani, iende kwenye mikono ya wapiga ngoma, kwenye uso wa bibi anayetoa wosia kwa bwana harusi, kwenye meza ya keki. Hali ya studio ya OBS inanionyesha picha mbili, inayotazamwa na inayofuata, kwa hiyo naandaa kwanza halafu ndiyo nabadilisha. Bila hiyo, kila unachogusa kinaonekana na watu wote, pamoja na jina lililokosewa herufi.

Maoni ya YouTube nayafungua ndani ya OBS yenyewe, kwa sababu inakubali kuweka kidirisha cha ukurasa wa mtandao pembeni. Ninayasoma bila kuacha kuangalia takwimu. Msaidizi wangu anaandika majina na kumpelekea MC: "Salamu kutoka kwa shangazi na familia, Tabora." MC akilisoma, maoni yanafurika. Watu walio mbali hawaombi makubwa, wanataka ukumbi ujue kwamba nao wapo. Kwenye msiba tunafanya kwa utaratibu mwingine, kwa ruhusa ya familia, wakati wa salamu za rambirambi.

Hapo inabidi uchague ucheleweshaji, yaani picha imfikie mtazamaji baada ya sekunde ngapi. YouTube ina ngazi tatu. Ya chini kabisa, wengi wanaona ndani ya sekunde 5. Ya kati, ndani ya sekunde 10. Ya kawaida inachelewa zaidi lakini inampa mtazamaji akiba kubwa ya picha, kwa hiyo mtandao ukiyumba hakwami haraka. Mimi natumia ya kati mjini, kwenye kumbi ambazo kasi ni nzuri, kwa ajili ya hizo salamu. Kijijini ni ya kawaida, bila mjadala.

Muziki wa DJ nao una mtihani wake. YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo zenye hakimiliki hata wakati wa matangazo mubashara, na picha yako inaweza kuzibwa wakati bibi harusi anaingia. OBS ina njia za sauti sita, na hapa ndipo zinapolipa. Naomba kwenye miksa maiki za MC na wazee zije kwa waya mmoja, muziki wa DJ kwa waya wa pili. Njia ya kwanza ina maiki, pamoja na sauti ya ukumbi kwa mbali, hiyo ndiyo inakwenda hewani. Njia ya pili ina muziki, inabaki kwenye rekodi tu. Ukumbini hakuna anayehisi tofauti, na familia inapata video yao kamili baadaye. Mfumo bado unaweza kuunasa muziki unaovuja kwenye maiki, lakini hatari inapungua sana.

Kurekodi huku unarusha ni lazima, na rekodi kwa MKV, aina mojawapo ya faili la video. Laptopu ikizima ghafla, faili la MKV linabaki likifunguka mpaka sekunde ya mwisho, wakati MP4 ya kawaida inaweza kuharibika yote. Baada ya shughuli OBS inaligeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Sababu ya pili ni Facebook: tangu Februari 2025, video mubashara mpya zinakaa kwenye ukurasa siku 30 kisha zinafutwa. Familia inayodhani msiba wa mzee wao umehifadhiwa Facebook itakuja kuutafuta kwenye arobaini na isiukute. Nawapa faili kwenye flashi na nawaambia sababu.

Mapungufu yapo, na ni ya kweli. OBS kama ilivyo haitumi kwenye YouTube na Facebook kwa pamoja. Utahitaji plagini (programu ndogo ya nyongeza) au huduma ya kulipia, na ukitumia plagini inayotuma mara mbili basi bando nalo linaliwa mara mbili. Haifai kwa wageni wa mbali wanaotakiwa kuongea na kuonekana. Mchungaji aliye Mwanza akitakiwa kutoa neno, StreamYard inayofanya kazi ndani ya kivinjari ni rahisi zaidi kwake, anabonyeza linki tu. Mpangilio wa sini, vyanzo na njia za sauti unatisha mgeni, na hakuna namna ya kuujua isipokuwa kukaa nao nyumbani kabla ya kupokea hela ya mtu. Na laptopu dhaifu haiwezi. Kama ina prosesa ya Intel yenye Quick Sync au kadi ya NVIDIA yenye NVENC, sehemu maalumu za kubana video, chagua hiyo badala ya x264, inayobana kwa prosesa, ili prosesa ipumue. Mwezi Novemba Dodoma ikichemka, iweke juu ya kitu kinachopitisha hewa, usiilaze kwenye kitambaa cha meza.

vMix, programu nyingine ya kurushia, ni ya Windows pekee na matoleo yake makubwa yanalipiwa, ila ina marudio ya tukio na mambo ya mpira ambayo OBS hupati bila kuhangaika. Kwa anayerusha mechi, ninamwelewa akienda huko. Kwa ukumbi, kanisa na makaburi sijaona pengo.

Na kuna watu ambao nisingewaambia waihangaikie kabisa. Dada anayeuza vitenge Sabasaba, au mkulima wa Makutupora anayetaka kuonyesha zabibu zake mnunuzi azione zikiwa bado mtini, simu inawatosha. Wajue tu masharti: YouTube inataka walau wafuasi 50 kurusha kwa simu, Facebook inataka wafuasi 100 na akaunti yenye siku 60, na TikTok kwa kawaida inataka 1,000. Hela ambayo ingeenda kwenye laptopu wanunue stendi ya simu, taa ndogo, na maiki ya kubana kwenye kola yenye manyoya yake.